Arobaini za Ulimi Wangu

Nina kibanda cha fotokopi mjini Machakos, si mbali na mahakama. Kodi nalipa kila mwezi, stima nalipa kwa tokeni, wino nanunua kwa machozi. Hayo yote niliyapigia hesabu siku nilipofungua. Nilichosahau kukipigia hesabu ni gharama ya ulimi.

Sikiliza ya Jumanne moja, saa mbili na robo asubuhi. Wa kwanza kuingia alikuwa karani wa wakili, tai imemkaba kama deni. "Nifanyie kopi thrii za hii afidaviti, halafu uzibaindi." Nikajibu, "Shua, sa," na mgongo ukanyooka wenyewe. Mashine haijapoa, kijana wa nduthi akachungulia na helmeti yake kichwani: "Niaje mzae, kopi ya kitambulisho ni ngovo ama ashu?" Yaani ni shilingi tano au kumi. "Ngovo, msee wangu," nikasema, na bega moja likashuka. Wa tatu alikuwa msichana wa chuo kikuu anayeongea kwa mapua, utadhani ana mafua ya kutoka Uingereza: "Hai, naweza kuprinti kitu kutoka WhatsApp, laiki, sai?" Nikamjibu, "Yaa, ofkozi," na pua ikaniwasha mpaka saa sita. Wa nne, mama mzee kutoka upande wa Kathiani, barua ya chifu ameifunga kwenye pindo la leso. Akanitazama, akasema, "Wakya?" Kwetu Ukambani anayekusalimu hivyo ni mkubwa wako, na jibu ni moja tu. Nikainamisha kichwa chenye mvi, mimi mwenye miaka 54, nikasema, "Aa," kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Dakika kumi. Wateja wanne wamehudumiwa na wahudumu wanne, na katika hao wahudumu sikujiona mimi. Mke wangu alikuwa ameketi nyuma akichambua ndengu. Akauliza bila kuinua macho: "Baba Mueni, na wewe mwenyewe huongea vipi?"

Sikumjibu. Mke akikuuliza swali huku anachambua ndengu, hatafuti jibu. Ameshaliona jiwe lake, anakuonyesha tu.

Lakini swali lilinikaa. Maana mji huu, nakwambia, unampima mtu kwa mdomo kabla hajafika kwenye mizani. Nenda stendi ya matatu uone. Nikivaa koti la Jumapili, makanga ananiita "mkubwa" na kunifutia kiti kwa mkono. Nikivaa shati la kazini, naitwa "mzae". Siku niliyobeba gunia la maembe niliitwa "wewe wa gunia, songa". Mtu ni yuleyule, nauli ni ileile, ila majina yamekuwa matatu. Na mimi pia namjibu kila mara kwa mdomo tofauti: nikiitwa mkubwa natoa Kiingereza, nikiitwa mzae natoa Sheng, na nikiitwa wa gunia nanyamaza, kwa sababu gunia halina lugha.

Ugonjwa huu nimetoka nao mbali. Shule niliyosoma mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na kipande cha mbao chenye tundu na kamba, tulikiita disiki. Ukisikika unasema Kikamba, unavalishwa shingoni. Ili uivue ni lazima umsikie mwenzako akikosea, umpe yeye, na atakayekuwa nayo jioni anapata fimbo zake. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia adhabu ya aina hiyo katika Decolonising the Mind mwaka 1986, na nilipoisoma nilitamani kumpigia simu nimwambie kwamba hata sisi huku mnada wetu ulikuwepo. Maana ulikuwa mnada kwelikweli. Rafiki yako wa damu anakuja mpole, anakukanyaga kidole cha mguu makusudi, ili upige kelele ya maumivu kwa lugha ya mama yako. Nani analia kwa Kiingereza?

Kumbe hiyo ilikuwa nusu tu ya kesi. Kengele ya mapumziko ikilia, mahakama inahama. Uwanjani, kijana aliyethubutu kusema Kiingereza alionekana anajipandisha, na vijana walimshusha kwa ngumi. Darasani Kikamba ni fimbo, uwanjani Kizungu ni ngumi. Nilijifunza mapema kubadilisha ulimi mlangoni, kama watu wanavyovua viatu. Watoto wa siku hizi wanaliita jambo hilo kipaji. Sisi tulikuwa tunakwepa kupigwa tu.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa, na mpaka leo ni, kushrabu. Ulimi wa Kikamba haukuumbiwa r. Ikitujia mgeni huyo tunampa kiti cha l: rula ni lula, karoti ni kaloti. Nayo b kwetu haitembei peke yake, lazima m imshike mkono. Kwa hivyo mtoto wa Ukambani akiwa na baba mmoja, kwa kusikika tu ana "mbamba". Jirani zetu nao wana yao. Kuna wanaokula h, kuna wanaogeuza sh kuwa s, kuna ambao p na b kwao ni ndugu pacha. Kenya nzima inashrabu. Hata Waingereza wanashrabu, ila yao inaitwa lafudhi.

Huamini? Uliza jina la mji huu. Palikuwa na mzee wetu aliyeitwa Masaku. Wazungu wa kampuni ya Imperial British East Africa walipokuja kujenga kituo chao hapa mwishoni mwa miaka ya 1880, jina la mzee likawashinda. Wakasema Machakos. Hakuna aliyewavalisha disiki. Kosa lao lilichorwa kwenye ramani, likapigwa muhuri, na hata makao ya utawala yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1899 kuifuata reli, kosa lilibaki hapa likitusubiri. Leo liko kwenye leseni ya kibanda changu. Wao walikosea wakaanzisha mji. Mimi nikisema "lula" nachekwa na mtoto wa darasa la pili aliyekuja kununua hiyo lula.

Sasa, mimi husoma kila ninachonakili. Ndiyo elimu yangu ya juu. Siku moja mwanafunzi aliniachia makaratasi yake ya isimu, niyatoe kopi yeye akinywa chai. Nikakutana humo na Mmarekani mmoja, William Labov. Mwaka 1962 bwana huyu aliingia katika maduka matatu ya New York: Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati, na S. Klein la wanaobana senti. Alichofanya ni kuwauliza wauzaji kitu fulani kiko wapi, kitu ambacho yeye anajua kabisa kiko ghorofa ya nne, kwa kuwa kwa Kiingereza hiyo ni "fourth floor", na maneno hayo mawili yote yana r ndani yake. Wakishamjibu, anajifanya hakusikia, ili warudie kwa makini. Aliwauliza watu 264. Walioitamka r hiyo, walau mara moja, walikuwa asilimia 62 kule Saks, 51 Macy's, na 20 tu kwa Klein. Na kumbuka hao ni wauzaji, si wenye pesa. Mshahara ulikuwa wa muuza duka, ila r waliikopa kwa wateja.

Niliyasoma hayo mara mbili, mashine ikatema karatasi zote sakafuni. Ng'ambo nako wanapimana kwa r! Nikasema, kama Labov alikwenda New York, mimi nitakwenda Marikiti.

Nilitafuta neno lenye r ambalo muuzaji hana pa kulikwepea. Nikalipata: arobaini. Kazi ikawa ni kutafuta vitu vya shilingi 40 na kuuliza bei, kisha kusema "Eeh?" ili nirudiwe. Nikavaa akala zangu za mpira wa gari, nikafunga kibanda kwa saa moja, nikaenda.

Supamaketi: nikainua pakiti ya biskuti. "Hii ni pesa ngapi?" Binti akajibu, "Foti." Nikashtuka. Foti! Hata hiyo r sikuiona kwa macho wala kwa masikio. Nikasema, "Eeh?" Akaitazama sura yangu, akashuka mpaka kwenye akala, akarudi juu na huruma yote ya dunia: "A-ro-ba-i-ni, guka." R ilipigwa kama ngoma. Ila ilipigwa kwa ajili ya kiziwi. Na hilo "guka" si hata la kwetu.

Stendi, kwa kijana anayeuza soksi: "Hizi ni ngapi?" "Mbao mbili, mzae." Mbao ni shilingi 20, kwa hivyo r yangu imekatwa vipande viwili ikapotea. "Eeh?" Akamgeukia mwenzake: "Huyu mzae hasikii," kisha akanionyesha vidole vinne.

Marikiti, kwa mama wa karoti, nikasema sasa ndipo penyewe. "Fungu ni ngapi, mama?" "Alombaini, mwana wakwa." Nilitaka kumkumbatia. "Eeh?" Mama akaniona nimechoka, akanipa kwa lugha ya nyumbani: "Miongo ina."

Siku ya pili nikarudi kulekule kwa viatu vyangu vya matanga, vile vyeusi vya kung'aa, na tai. Yule binti wa supamaketi hakunitambua. "Foti, sa." "Eeh?" "Foti!" alirudia kwa sauti ya juu zaidi, na Kiswahili kikabaki stoo. Kijana wa soksi naye akaacha mbao zake, akanitafutia Kiingereza mfukoni. Na mama wa karoti? Fungu lilelile, kimo kilekile. Akanitazama kuanzia chini kwenda juu, akasema kwa r safi iliyopigwa pasi: "Karoti hamsini, bwana."

Hayo ndiyo matokeo ya utafiti wangu, nayatoa bure. Mmarekani aliuliza ghorofa akapata tabaka la muuzaji. Mimi niliuliza bei nikapata viatu vyangu. Mtu wa Machakos haongei kutoka alipo yeye, anaongea mpaka anapodhani upo wewe. Na viatu vilevile vinavyokununulia "sa" supamaketi vinakuongezea shilingi kumi Marikiti.

Ungedhani mtu aliyegundua haya amejiponya. Wacha nikueleze ya Desemba.

Posa ya mpwa wangu. Wageni walitoka Nairobi na magari yanayofunguka kwa kubonyeza kitu mfukoni. Mbuzi wa ntheo wameshapokelewa, wazee wameridhika, nami ndiye msemaji wa upande wetu. Usiku kucha nilikuwa nimejiambia jambo moja: leo hakuna kushrabu. Nikasimama, nikarekebisha koti, nikaona wale wageni na miwani yao, nikajikaza ulimi kama mtu anayevuka mto kwa kamba. Nikasema kwa sauti ya redio:

"Wageni wetu waheshimiwa, chakura kiko tayali."

Kimya. Kisha shangazi mmoja wa Nairobi akaanza kukohoa kicheko ndani ya kitambaa. Herufi zote mbili zilikuwepo, jamani! Hakuna iliyopotea! Ila kila moja ilikuwa imelala kwenye kitanda cha mwenzake. Na kilichonichoma ni kwamba laiti ningeshrabu kama kawaida yangu, ningekosa moja tu. Kwa kujikaza nilikosa zote mbili.

Yale makaratasi ya mwanafunzi yalikuwa na jambo hilo pia. Labov aliona kwamba wanaojikaza kupita kiasi si walio chini kabisa wala walio juu. Ni hawa wa katikati, walioshika ngazi kwa mkono mmoja na kuchungulia. Mtu wa chini hana wasiwasi, wa juu hana haraka. Mwenye kibanda cha fotokopi ndiye anayevuja jasho.

Basi nikakimbilia kwa vijana, nikidhani huko hakuna ngazi. Sheng ni mtoto wa mitaa ya Eastlands kule Nairobi, haina mwalimu, haina mtihani, nani atanichapa? Kumbe mitihani yake ni migumu kuliko ya serikali, na silabasi inabadilishwa usiku. Nilimwambia kijana wangu mdogo tukiwa mezani, "Kam tudishi." Akaweka kijiko chini. "Buda, watu siku hizi humanga." Nikataja noti ya hamsini kwa jina tulilolitumia sisi ujanani, akaniambia sasa ni finje, na kwamba nikiendelea hivyo mbele ya mbogi yake atahamia kwa mjomba. Nikaelewa. Sheng haikutengenezwa ili watu waelewane. Ilitengenezwa ili baba asielewe. Siku ambayo mzee na mwanasiasa wa kampeni wanaijua, vijana wanaifunga kama benki na kufungua nyingine mtaa wa pili.

Kiswahili sanifu nacho nilikijaribu. Nilikuwa nakiringia sana, mpaka niliposhuka Mombasa nikaagiza "mahamri mbili". Muuzaji, mama mpole mwenye kanga ya waridi, hakunicheka. Alinifungia akasema taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati: "Mawili, mwanangu. Haya, karibu pwani." Tangu hapo mimi huagiza chapati. Chapati mbili ni chapati mbili, kutoka Lamu mpaka Busia.

Nilikuwa nimekata tamaa namna hiyo mpaka wiki iliyopita, mwalimu mmoja wa historia aliponiletea kurasa za kunakili. Nikasoma, kama kawaida yangu. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, huyuhuyu aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, alikuwa Kitui, Ukambani, mgeni wa mfanyabiashara wetu maarufu, Kivoi. Tarehe 3 Desemba mawingu yakafunguka, akauona mlima wenye theluji. Wakikuyu mlima huo wanauita Kirinyaga. Lakini Krapf alikuwa na Wakamba, na Wakamba hatuna r. Sisi twasema Kiinyaa. Naye kwa sikio lake la Kijerumani akaandika Kenia. Wengi wanaofuatilia majina wanasema hapo ndipo lilipotokea jina la nchi.

Nilizima mashine. Mnaelewa maana yake? Bendera, pasipoti, wimbo wa taifa, medali za wakimbiaji, vyote vinabeba jina ambalo Mkamba aliliangusha r, na Mjerumani akaliokota hivyohivyo. Mzee Masaku walimshrabu wao. Mlima tuliushrabu sisi. Nchi nzima inaitwa kwa kosa nililochapiwa fimbo!

Nilimsimulia mke wangu nikiwa nimesimama, kama siku ile ya posa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Vizuri. Basi kesho ongea."

Kesho yake nilifungua kibanda nikiwa na ulimi mmoja. Niliamua: leo ni ule wa mama yangu, wenye l yake na m yake, atakayekuja na aje. Mke wangu nyuma, ungo wa ndengu mapajani. Saa mbili na robo, karani wa wakili akaingia, tai shingoni, kurasa nane mkononi. Nikazinakili polepole, nikazipanga, nikazibana. Mgongo ulikaa ulivyo.

"Hau machi?" akauliza, jicho kwenye simu.

Nane mara tano. Nikavuta pumzi. Nikamkumbuka Kivoi, nikaukumbuka mlima.

"Alombaini," nikasema.

Akainua macho kutoka kwenye simu. "Eeh?"

"Foti, sa."

Nyuma yangu, ndengu ziliacha kuchambuliwa.